Nazi, Samli na Kopo la Bati

Asubuhi za Julai, kusi likivuma na watu wa Dar es Salaam wakijifunika mashuka mawili mawili, chupa ya mafuta ya nazi huganda. Waliokulia pwani wanaijua kasheshe hiyo. Unaigeuza chupa kichwa chini, unaitikisa, hakitoki kitu. Mtoto anatumwa aiweke nje kwenye jua, au aichomeke ndani ya kikombe cha maji ya moto. Ikifika saa nne mafuta yameyeyuka, kesi imekwisha. Miezi mingine hayagandi ng'o, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka joto likifika nyuzi 24 hivi, na Dar es Salaam ya Februari hata usiku wa manane ni shida kushuka hapo.

Ndugu msomaji, usicheke. Hiyo chupa inayoganda na kuyeyuka ina historia ndefu kuliko unavyodhani, nami nimeamua kuisimulia kwa kuwa nimechoka na historia tuliyofundishwa, ambayo kila ukurasa una sultani, gavana na mkataba, lakini hakuna mtu anayekula. Watu wale walikuwa wanakula nini? Na kilipokaangwa, kilikaangwa kwa mafuta gani?

Bahati nzuri alipita msafiri mmoja mwenye tumbo. Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alishuka pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Pale Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Akaandika bila haya kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wana matumbo makubwa. Sijui kama ulikuwa ni wivu.

Msafiri huyo huyo, akiwa Dhofar ambayo leo ni Oman, aliieleza nazi kama mtu aliyekaa jikoni akatazama. Anasema mtu huketi kwenye kitu kama kiti, ana chombo chenye chuma, anaikwangua nazi, kisha machicha yanatiwa maji mpaka yanakuwa kama maziwa kwa rangi na ladha. Na mafuta? Nazi iliyokomaa inakatwa vipande, inaanikwa juani mpaka inyauke, halafu inapikwa kwenye masufuria makubwa hadi mafuta yatoke. Watu wanayawashia taa, wanachovea mkate, na wanawake wanajipaka kichwani. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1355. Soma tena orodha hiyo: taa, chakula, nywele. Bibi yeyote wa Pemba au Pangani angeitikia, "Ehe, ndiyo hivyo hivyo."

Lakini tusichanganye mambo. Wengi wa bara, na hata vijana wa mjini siku hizi, wanadhani mtu wa pwani alipika kila kitu kwa mafuta ya nazi. Sivyo. Chakula chetu kimejengwa kwa tui. Wali, maharage, samaki wa kupaka, mchicha, mhogo, vyote vinapata mafuta yake ndani ya tui. Mahamri yanakandwa kwa tui zito. Mkate wa kumimina unasagwa mchele na tui, unatiwa hamira na iliki, kisha unaokwa kwa moto juu na chini, yaani makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya mfuniko. Mafuta yenyewe, yale yaliyochemshwa mpaka maji yote yakaisha na mashapo ya kahawia yakakaa chini, yalikuwa ya kukaangia, na hayakumwagwa ovyo. Lita moja hula nazi 10 hadi 15. Kazi ya kuzikuna hizo juu ya mbuzi naomba asiisifie mwanamume ambaye hajawahi kuikalia.

Samli nayo ilikuwa na heshima yake. Ilikuja kutoka kwa wafugaji, na katika karne ya 19 Unguja iliipata kwa majahazi kutoka pwani ya Benadir. Siagi mbichi katika joto letu ni mgonjwa: mchana inalegea, baada ya siku chache inanuka. Ukiichemsha mpaka maji yakauke na maziwa yabaki chini, ukaichuja, umepata kitu kinachokaa miezi bila kuharibika. Samli, basi, ni siagi iliyojifunza kuishi nchi ya joto. Ndiyo iliyotiwa kwenye pilau ya harusi na halua, na ndiyo ya kumwambia mgeni kwamba leo tumekuheshimu.

Sasa hebu tutazame bandarini. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walikuja Zanzibar kutafuta ufuta na mbata, ile nazi iliyokaushwa. Hawakuwa na habari na mahamri yetu. Walitaka mafuta ya kutengenezea sabuni. Mnazi ukawa mali ya kuuza nje, kando ya karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu mingi ya Unguja, watu wakapanda upya, na biashara ikaendelea. Huko Ulaya wataalamu walikuwa wanaumiza vichwa kwa tatizo jingine: siagi ilikuwa ghali na watu wa viwandani walikuwa wengi. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès akatengeneza siagi ya bandia mwaka 1869, ile tunayoiita majarini. Na mwaka 1894 kampuni ya Schlinck ya Mannheim, Ujerumani, ilianza kuuza mafuta ya nazi yaliyosafishwa yasiyo na harufu, kwa jina la Palmin. Mama wa Kijerumani aliyanunua kama tofali jeupe, maana katika baridi ya kwao mafuta ya nazi hayana haja ya kusubiri Julai. Mpaka leo wana keki ya watoto isiyookwa, ya biskuti na chokoleti iliyoshikizwa kwa mafuta ya nazi. Wanaiita Kalter Hund, yaani mbwa baridi. Ukiitengeneza Tanga bila friji utapata uji.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo siri ya kopo la bati.

Keki ya Kizungu, ile iliyofundishwa kwenye somo la sayansi kimu, huanza kwa kupiga siagi na sukari mpaka ziwe laini na nyeupe. Kile kitendo si urembo. Chembe za sukari zinachimba vijishimo vya hewa ndani ya siagi, siagi inavishika, na tanurini vinavimba na keki inapanda. Ili hewa ishikwe, mafuta lazima yawe yameganda lakini laini. Jaribu sasa na mafuta ya nazi mchana wa Dar es Salaam: ni maji, hewa haikai. Jaribu na siagi: inayeyukia kwenye bakuli kabla hujavunja yai la kwanza. Mapishi yaliandikwa kwa ajili ya jiko la baridi, yakaletwa kwenye jiko la joto, halafu mpishi akaambiwa kosa ni lake.

Dawa yake alikwisha kuipata Mjerumani mwingine, Wilhelm Normann, aliyepewa hataza mwaka 1902. Aligundua namna ya kuingiza hidrojeni kwenye mafuta ya maji ili yagande. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ikatoa Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa, na mwaka 1913 ikasambaza kitabu chenye mapishi 615, yote yakidai mafuta hayo. Ujanja huo uone vizuri, wewe unayetaka kuwa mwandishi: kwanza unauza kopo, halafu unaandika kitabu kinacholihitaji. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa na East African Industries ya Nairobi, chini ya Unilever, kwa Kimbo, Cowboy na Blue Band. Kimbo na Cowboy ziliuzwa kwa Bidco mwaka 2002, lakini kabla ya hapo zilikuwa zimeshaingia hata kwenye lugha. Kopo tupu liligeuka kipimo cha maharage na karanga sokoni, kikombe cha kuogea, na chungu cha maua barazani. Mafuta yake yaliganda hata jua likiwaka. Hayakuoza. Hayakukunwa. Mwanamke aliyelinunua hakurubuniwa na mtu. Alipiga hesabu ya nazi 15 na mgongo wake, akachagua.

Wakati huo huo njaa ya mafuta ya Waingereza ilitufuata mpaka porini. Baada ya Vita Kuu ya Pili siagi Uingereza ilikuwa ya mgao, wakia chache kwa mtu kwa wiki, na haikuachiwa huru mpaka Mei 1954. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni nyingine ya Unilever, akatoa wazo la kulima karanga Tanganyika ili mama wa Uingereza apate majarini. Serikali ikakubali. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ikawa ngumu kama saruji, mvua ikawa haba, mibuyu na vichaka vikavunja vyuma. Januari 1951 mradi ukazikwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Shuleni tuliusoma chini ya kichwa cha kilimo. Kwangu mimi ni habari ya jikoni: nchi nzima ilitiwa trekta kwa sababu ya kipande cha mkate mkavu mjini London.

Halafu ikaja zamu yetu ya kukosa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 Tanzania iliingia miaka ya foleni, na mafuta ya kupikia yalikuwa pale juu kwenye orodha pamoja na sukari na sabuni. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, wenye maduka wengine walitupa bidhaa usiku kwa hofu. Wazee wa pwani wanasimulia miaka hiyo kwa kicheko chenye machungu. Mwenye minazi aliirudia mbuzi, tui likachemshwa tena, sabuni ikapikwa uani. Mwenye ng'ombe alitengeneza samli. Aliyekuwa ghorofani mjini, bila mnazi wala ng'ombe, alichemsha. Bajeti ya 1984 ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, makopo yalirudi rafuni, na mbuzi nyingi zikarudi uvunguni.

Kisha Nebraska, mahali ambapo hapajaota mnazi hata mmoja. Phil Sokolof, tajiri wa Omaha aliyepata shambulio la moyo mwaka 1966, alilipia matangazo makubwa magazetini mwaka 1988 akidai Marekani inalishwa sumu, na sumu yenyewe ni mafuta ya nazi na ya mawese ndani ya biskuti. Makampuni yaliogopa, yakayatoa. Yakaweka nini mahali pake? Mafuta yaliyogandishwa nusunusu kwa njia ya Normann. Mwaka 1990 tu, Waholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan wakaonyesha kwamba yale ya kugandishwa nusunusu yanapandisha kolestero mbaya na papo hapo yanashusha ile nzuri. Marekani ilichukua mpaka 2015 kuamua yaondolewe kwenye chakula, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likataka dunia nzima iyafute.

Basi nazi ina haki? Polepole, mshikaji. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoshiba, kuliko hata siagi, ambayo ni kama theluthi mbili, na mwaka 2017 chama cha moyo cha Marekani kilishauri watu wasiyatumie. Anayekuuzia kichupa kidogo cha kioo dukani kwa bei ya mbuzi wa kufuga, akikwambia kinaponya kila ugonjwa, naye anaandika kitabu cha mapishi 615 kwa namna yake. Bibi zetu hawakuyanywa kwa kijiko. Walitia tui kwenye mboga, wakala na samaki, wakatembea kwa miguu, na mafuta yenyewe waliyabania kwa sababu waliyakuna wao.

Nilipoanza kuandika haya nilikwenda kutazama rafu ya jikoni nyumbani kwetu. Zipo zote tatu. Samli iko kwenye chupa iliyokuwa ya jemu, na haiguswi mpaka siku ya pilau. Kopo la majarini limekwaruzwa kwa kijiko mpaka kwenye kona, maana Jumamosi ilikuwa na keki ya mtoto wa jirani. Na ya tatu, nyuma kabisa, ni ile chupa ya Julai. Niliigeuza kichwa chini. "Iache," mama akasema bila kugeuka, mikono yake ikiwa ndani ya unga wa mahamri, "lete lile tui."