Nahodha Anapoondoka: Samuel Eto'o na Mzigo wa Uongozi katika Timu ya Taifa

Tarehe 8 Septemba 2012, mjini Praia, Kameruni ilifungwa mabao 2-0 na Cape Verde, nchi ya visiwa yenye watu takriban nusu milioni. Nahodha wa Kameruni hakuwepo. Samuel Eto'o aliitwa kikosini akakataa, akisema timu inaendeshwa kibabaishaji na hayuko tayari kuendelea hivyo. Baada ya kipigo hicho kocha Denis Lavagne alifutwa kazi, Waziri Mkuu Philémon Yang akakutana na mchezaji huyo, na tarehe 14 Oktoba Eto'o akarejea uwanjani Yaoundé kwa mchezo wa marudiano. Kameruni ilishinda 2-1. Kwa jumla ya mabao 3-2 ikaikosa AFCON ya 2013, kama ilivyoikosa ya 2012.

Mjadala uliofuata ulikwenda njia mbili tunazozijua hata huku kwetu. Wapo waliosema jezi ya taifa haina bei na anayeikataa ameisaliti nchi. Wapo waliosema mchezaji ni mfanyakazi kama wengine, na asipotendewa haki ana ruhusa ya kubwaga manyanga. Kila upande unamwangalia mchezaji mmoja na dhamiri yake, na hapo ndipo unapolikosa jambo lenyewe. Eto'o hakuwa mchezaji tu. Tangu mwaka 2009, kocha Paul Le Guen alipomvua Rigobert Song unahodha na kumpa yeye, alikuwa na wadhifa. Swali la kumuuliza mwenye wadhifa anapoondoka ni hili: anaondoka kwa niaba ya nani, na akirudi, nani mwingine amefaidika na kurudi kwake? Ninachotetea katika makala haya ni kwamba kuondoka kwa nahodha kunaweza kuwa tendo halali kabisa la uongozi, ila kunahalalishwa na kile kinachobaki mikononi mwa wenzake mgogoro ukiisha.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kukumbuka jinsi mchezaji alivyofungwa na sheria. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamtaka anayeitwa na nchi yake aitikie wito. Asipoitikia, anaweza kuzuiwa kuichezea klabu yake kwa kipindi chote ambacho angekuwa kambini, pamoja na siku 5 za nyongeza. Anayetaka kupinga uendeshaji mbovu ana milango michache: avumilie, agome na wenzake, au atangaze kustaafu. Ndiyo maana tangazo la kustaafu timu ya taifa, kwa mtu ambaye bado ana miaka kadhaa ya kucheza, mara nyingi ni malalamiko yaliyokosa mahali pengine pa kupelekwa. Hali hii inanifanya nisite kuwahukumu wachezaji haraka.

Turudi nyuma miezi kumi kabla ya Praia. Novemba 2011 Kameruni ilikuwa Marrakech kwa mashindano mafupi ya kirafiki, ikaifunga Sudan 3-1 na kuishinda Moroko kwa penalti. Ilitakiwa kisha isafiri hadi Algiers kucheza na Algeria. Wachezaji walikataa kusafiri, wakidai posho zao. Mchezo ukafutwa. Desemba, kamati ya nidhamu ya shirikisho, Fecafoot, ilimfungia Eto'o mechi 15, naibu wake Eyong Enoh mechi 2, na Benoît Assou-Ekotto akatozwa faini ya faranga milioni 1 za CFA. Mwezi uliofuata adhabu ya Eto'o ilipunguzwa ikawa miezi 8.

Zitazame adhabu hizo kwa makini, kwa kuwa zinaeleza mengi. Kosa lilikuwa la kikosi kizima, lakini rungu lilimwangukia aliyevaa kitambaa. Shirikisho lenyewe, bila kukusudia, lilikiri kwamba Marrakech kulikuwa na kiongozi na watu waliomfuata. Eto'o alikuwa tajiri kuliko karibu mwanasoka yeyote wa Afrika wakati ule. Alikuwa akichezea Anzhi Makhachkala ya Urusi, na posho ya mechi moja ya kirafiki isingempunguzia wala kumwongezea kitu. Dai lilikuwa na uzito kwa wale waliokaa benchi na wale wanaocheza ligi za kawaida. Mtu aliyefungiwa miezi 8 kwa ajili ya fedha asizozihitaji ametekeleza wajibu wa nahodha, na wanaouita mgomo ule uchoyo wanakosea.

Praia ni habari nyingine. Kikosi kilisafiri, nahodha akabaki. Huenda malalamiko yalikuwa yaleyale, na naamini yalikuwa ya kweli, lakini safari hii hayakubebwa na kikosi. Mazungumzo yakawa kati ya nyota mmoja na mkuu wa serikali, na taifa likasubiri kusikia kama yeye atarudi. Alirudi. Kama kulikuwa na makubaliano yoyote kuhusu posho na maandalizi, hayakudumu hata miezi 20.

Juni 2014 udhaifu wa makubaliano hayo ulionekana hadharani. Siku ya Jumamosi Kameruni iliifunga Moldova 1-0 Yaoundé katika mchezo wa kuiaga nchi kabla ya Kombe la Dunia. Waziri Mkuu Yang, yuleyule wa mwaka 2012, alikuja kukabidhi bendera. Wachezaji hawakujitokeza kuipokea, na ikabidi kocha Volker Finke, Mjerumani, aipokee badala yao. Kesho yake ndege ilikuwa tayari na wachezaji wakakataa kuipanda hadi suala la posho lipatiwe jibu. Shirikisho likalazimika kukopa. Walifika Brazil wamechelewa, wamechoka na wamegawanyika. Mexico iliwafunga 1-0. Mjini Manaus, dhidi ya Croatia, Alex Song alitolewa kwa kadi nyekundu, na dakika za mwisho Assou-Ekotto akampiga kichwa mwenzake Benjamin Moukandjo mbele ya macho ya dunia, timu ikiwa nyuma 4-0. Eto'o hakucheza mchezo huo, goti lilikuwa linamsumbua. Brazil ikamalizia kwa 4-1.

Bendera ile iliyopokelewa na mgeni inanisumbua kuliko kichwa cha Manaus. Ugomvi wa uwanjani ni hasira ya dakika moja. Bendera kukosa mchezaji wa kuipokea maana yake karibu miaka mitatu ya migomo, kujiondoa na kurudi haikuzaa hata utaratibu wa kumaliza mzozo wa fedha kabla ya siku ya kuondoka. Miaka yote hiyo nahodha alikuwa mmoja.

Hapa nitapingwa, na kwa hoja nzito. Itasemwa kwamba ninamtwisha mchezaji kazi ya katibu mkuu: kanuni huandikwa na shirikisho, wizara hutafuta fedha, mchezaji hufunga mabao. Isitoshe, nahodha huyu hakuwa na utulivu hata siku moja. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010 nyota wa zamani wa Kameruni, Roger Milla, alisema wazi kwamba Eto'o ameifanyia mengi Barcelona na Inter kuliko Kameruni, naye akatishia kutokwenda Afrika Kusini. Alikwenda, akafunga mabao 2, na Kameruni ikapoteza mechi zote 3. Mtu anayeishi katika mazingira hayo atapata wapi nafasi ya kujenga taasisi?

Hoja hii ingenishinda kama Eto'o asingekuwa na nguvu. Lakini alikuwa nayo. Mlinzi wa kushoto anayecheza daraja la pili Ufaransa hawezi kukutana na Waziri Mkuu ili aeleze masharti ya kurudi kikosini. Eto'o aliweza, na shirikisho lilikuwa dhaifu mbele yake: Julai 2013 FIFA ililisimamisha kwa sababu ya serikali kuliingilia, na likaendeshwa na kamati ya mpito chini ya Joseph Owona. Mwenye nguvu kubwa kiasi hicho anadaiwa zaidi. Angeweza kusema, narudi wachezaji wote watakapokuwa na waraka wa posho uliosainiwa. Alirudi yeye, waraka haukuonekana.

Na pengo halibaki wazi. Agosti 2014 Finke alimpa Stéphane Mbia kitambaa, na siku chache baadaye Eto'o akastaafu timu ya taifa akiwa na mechi 118 na mabao 56. Septemba ya mwaka uleule Rais Paul Biya alitia saini amri kuhusu mpangilio na uendeshaji wa timu za taifa za kandanda. Kanuni ikawa imepatikana hatimaye, ila iliandikwa na dola, nayo ikaipa wizara ya michezo sauti kubwa katika mambo ya timu, pamoja na uteuzi wa makocha.

Ayalandi iliwahi kupita njia inayofanana, matokeo yakawa tofauti. Mei 2002, kisiwani Saipan, nahodha Roy Keane alilalamikia vifaa vilivyochelewa na uwanja mgumu wa mazoezi, akagombana vikali na kocha Mick McCarthy mbele ya kikosi kizima, akarudishwa nyumbani kabla Kombe la Dunia halijaanza. Waayalandi wanabishana hadi leo kama alifukuzwa au aliondoka. Keane hakuongoza mgomo wowote, na wenzake wengi walisimama na kocha. Kwa kipimo changu, lile halikuwa tendo zuri la uongozi. Lakini shirikisho la Ayalandi liliagiza uchunguzi wa nje, ripoti ya Genesis, iliyotolewa Novemba 2002, ikakosoa maandalizi na muundo wa shirikisho, na katibu mkuu Brendan Menton akaondoka. Malalamiko ya mtu mmoja mwenye hasira yaligeuzwa kuwa maandishi yanayomhusu kila atakayefuata. Keane mwenyewe alirudi mwaka 2004, na kurudi kwake hakukuhitaji kuwa suluhisho la chochote.

Tarehe 11 Desemba 2021 Eto'o alichaguliwa rais wa Fecafoot kwa kura 43 dhidi ya 31 za Seidou Mbombo Njoya. Wengi tulifurahi: aliyeonja ubabaishaji ndiye sasa mwenye kalamu. Kabla mwaka haujaisha, nchini Qatar, kipa André Onana aliondolewa kikosini saa chache kabla ya mchezo na Serbia baada ya kutofautiana na kocha Rigobert Song, naye Desemba akatangaza kustaafu timu ya taifa akiwa na miaka 26. Alirudi Septemba 2023 Garoua, Burundi ilipofungwa 3-0 na kunyimwa tiketi ya AFCON. Nyota anaondoka, nyota anarudi, na kati ya kuondoka na kurudi hakuna kilichoandikwa. Aprili 2024 wizara ikamteua kocha Marc Brys bila ridhaa ya shirikisho, ikiegemea amri ileile ya 2014. Mwezi uliofuata video ikamwonyesha Eto'o akifoka katika makao makuu ya Fecafoot, mbele ya kocha ambaye hakumchagua na hakuweza kumwondoa. Desemba 2025 hatimaye shirikisho lilimwondoa Brys, na kikosi cha AFCON kilichotangazwa na kocha mpya David Pagou hakikuwa na Onana wala nahodha Vincent Aboubakar.

Simwoni Eto'o kama mnafiki katika hili, na wanaomcheka wanarahisisha. Ninamwona mtu aliyejifunza, kwa miaka mingi, kwamba mambo ya timu ya taifa huamuliwa na nani ana nguvu zaidi siku hiyo, kisha akapewa ofisi akaitumia kwa somo hilohilo. Mwenzake wa dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000, Geremi Njitap, alichagua njia isiyo na shangwe. Aliongoza chama cha wachezaji wa Kameruni, Synafoc, na baadaye tawi la Afrika la FIFPRO. Chama hakimfanyi mtu kuwa shujaa, lakini mchezaji asiye na jina hupata mahali pa kupeleka dai lake bila kustaafu.

Haya yanatuhusu moja kwa moja hapa Afrika Mashariki, ambako manahodha pia huondoka. Septemba 2021 Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Kenya katika AFCON ya 2019, alitangaza kustaafu Harambee Stars, akaagwa kwa salamu nzuri. Fedha nazo huja kama zawadi: katika CHAN ya Agosti 2025 wachezaji wa Kenya waliahidiwa na Rais William Ruto shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi. Tanzania inalo Goli la Mama, lililoanza mwaka 2023 kwa Rais Samia Suluhu Hassan kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya CAF. Wachezaji wanastahili fedha hizo, na sina neno na anayezitoa. Wasiwasi wangu ni kwamba zawadi haidaiwi. Ikichelewa, au mtoaji akibadilika, nahodha hana karatasi ya kushika, na atabaki na milango ileile mitatu ya Eto'o. AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Manahodha wa timu hizi tatu wanapaswa kudai sasa, pamoja na wenzao na kabla ya kambi ya kwanza, mkataba wa posho unaotaja viwango, tarehe za malipo na msuluhishi asiyetoka wizarani wala katika shirikisho.