Tshibumba Kanda-Matulu

Tshibumba Kanda-Matulu (alizaliwa 1947, Élisabethville, sasa Lubumbashi) ni mchoraji wa Kongo aliyesimulia historia ya taifa lake kwa picha za rangi juu ya magunia ya unga. Uchoraji wa aina hiyo ulipamba sebule za miji ya migodi, kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha takriban 100, akizieleza kwa Kiswahili cha Shaba, lahaja ya eneo hilo la migodi. Shujaa wake ni Patrice Lumumba, mwanasiasa wa Kongo. Katika picha ya kifo cha Lumumba, pengine yenye nguvu kuliko zote, misalaba mitatu imesimama nyuma ya maiti tatu, na damu ya ubavuni mwa Lumumba inaandika neno “umoja” ardhini. Fabian alizichapisha picha hizo mwaka 1996. Mchoraji mwenyewe alikuwa ametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.