Bakteria wanavunja rangi. Shaba je?

Huku Tenke, mazungumzo ya mayi machafu yakianza tu, hakosi mwenzetu wa kusema: "Tutie bakteria, watakula yote." Miye ni mtu wa agronomia, nawapenda bakteria. Lakini historia yao iko inatufundisha mambo mawili tofauti.

Tuanze na bikwembe. Mwaka 1856, huko London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kinini. Akapata rangi ya zambarau. Mwaka 1858 Peter Griess akavumbua kemia iliyozaa rangi za azo, ambazo leo njo nyingi kuliko zote katika viwanda vya nguo. Ndani yake mna atomu 2 za azoti zilizofungana sana. Jua na sabuni havikifungui kirahisi kifungo hicho, ndiyo maana kikwembe kizuri hakichuji. Na ni kwa sababu hiyohiyo mayi ya kiwanda yanafika mtoni yangali na rangi.

Bakteria wanakifungua. Pasipo oksijeni, anzimu zao zinakata kifungo, rangi inapotea. Hapo wengi wanapiga makofi mapema. Vipande vinavyobaki ni amini, na zingine ni sumu kuliko rangi yenyewe. Lazima mayi yaende tena kwenye bwawa la pili, lenye hewa, bakteria wengine wamalize kazi. Mayi kuwa meupe, hiyo haisemi kama ni safi.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1911 Union Minière iliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi. Miaka na miaka moshi ukaangukia upande wa Penga Penga, majani yakakufa, udongo ukabaki wazi. Rangi ni molekuli, inavunjika. Shaba na kobalti ni elementi, hakuna kiumbe cha kuzivunja. Wako bakteria, Beijerinck aliwaeleza mwaka 1895 kule Delft, wanaogeuza sulfati kuwa sulfidi. Shaba inashikana na sulfidi hiyo, inashuka chini. Mayi yanatakata, lakini shaba yote iko kwenye matope. Nani atayalinda matope hayo?

Njo maana wana-agronomia wa UNILU walichukua njia ingine Penga Penga. Walijaribu nyasi za hapahapa, Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mboji, ili udongo ushikwe, usipeperuke mpaka kwenye nyumba za watu. Shaba inabaki palepale, lakini lengo ni watoto wasiivute tena na vumbi.

Basi siku mtu atakuja na chupa ya bakteria kuwauzia mamaʼ wa bustani kandokando ya mto, sisi wenye lisansi tumuulize: kitu hiki kinavunjika ao kinahama tu? Kama kinahama, atuonyeshe kinahamia wapi.