Sangari: Nyasi Iliyotutangulia Mitaani

Leo tazama chini, kando ya ua la nyumba yenu, iwe ni Kaloleni, Buruburu au Kayole. Ile nyasi itambaayo, yenye vifundo vinavyotoa mizizi na masuke kama vidole vya mkono, ndiyo sangari. Wakamba huiita ikoka, Wajaluo modhno.

Ilikuwapo kabla yetu sote. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, hapa palikuwa malisho ya Wamaasai. Kwao mtu akishika nyasi mkononi mbele ya adui, anaomba amani. (Mimi naona hiyo nayo ni tiba.)

Kisha mji ukakua. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, na jirani yake Eastleigh ikakaliwa kwa miaka mingi na Wahindi. Hao walikuja wakiijua nyasi hiyo kwa jina la durva. Wahindu humtolea mungu wao Ganesh, na matabibu wa Ayurveda hutumia maji yake kwa damu ya pua na vidonda. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mizizi ikipondwa hufunga jeraha, na ikichemshwa humsaidia mwenye shida ya kukojoa. Watu wasiojuana, mmea mmoja, kazi ile ile! Hata maabara zimeona maji yake yakizuia baadhi ya vijidudu. Lakini kilichoonekana ndani ya chupa si dozi ya mtu.

Tena nyasi hunywa kilichomo udongoni. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilitoa matokeo ya uchunguzi karibu na jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango cha tahadhari cha wakati ule. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kisicho na madhara. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Nayo sangari huvumilia udongo wa namna hiyo na kuyafyonza madini yake. Usidhani kuichemsha kutasaidia: moto huua vijidudu, madini hubaki kwenye sufuria.

Basi mama, baba, usichume dawa kando ya Mto Nairobi, jaani, barabarani wala karibu na gereji. Jeraha likivuja damu, bonyeza kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia, kisha nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda. Usilipake majani yenye udongo, maana pepopunda hukaa humo. Mkojo ukichoma, hasa ukiwa na homa au mimba, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiwa umeshakunywa sangari, mwambie daktari. Hatakucheka, huenda nyanya yake pia aliichemsha.