Kutembea humwongezea nguvu mgonjwa wa saratani

Mgonjwa wa saratani anapoanza matibabu, aghalabu jamaa humtaka apumzike na kumkataza hata kwenda sokoni. Nia yao huwa njema, lakini mapumziko yakizidi humdhoofisha.

Uchovu unaoletwa na saratani na matibabu yake hauondoki kwa usingizi. Anayeshinda kitandani hupoteza misuli, na moyo wake hupungukiwa na uwezo.

Mwaka 2019, wataalamu wa kimataifa walioongozwa na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo walishauri dakika 30 za mazoezi ya wastani ya kuchangamsha moyo na mapafu, mara 3 kwa wiki. Mazoezi hayo hupunguza uchovu, wasiwasi na sononi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kupewa dawa za kemikali. Miongoni mwa walioongozwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, asilimia 80 walikuwa hai bila saratani kurejea baada ya miaka 5. Kwa waliopewa maelezo ya afya pekee, ilikuwa asilimia 74. Hata hivyo, matokeo hayo hayathibitishi kwamba kila aina ya saratani huzuilika vivyo hivyo, na mazoezi si badala ya dawa.

Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Kwa mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, kutoka Marikiti hadi Fort Jesus ni takriban kilomita moja. Kwenda na kurudi ni kama nusu saa. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Asiyeweza aanze na dakika 5 au 10, kisha aongeze kidogo kidogo.

Wakati bora ni asubuhi mapema, kabla ya jua kali na kabla soko halijafurika watu. Msongamano ni hatari kwa mgonjwa ambaye dawa zimepunguza chembe nyeupe za damu, kwani huambukizwa maradhi kwa urahisi.

Mgonjwa amwone daktari kwanza, hasa ikiwa saratani imefika mifupani, ana upungufu wa damu au miguu imekufa ganzi. Akipata homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua, asimame na kutafuta matibabu mara moja.

Jamaa wamwoneao huruma wanaweza kumsaidia zaidi kwa kufuatana naye njiani.