Plagi na kamera za zamani: mambo ya kukagua kabla ya kupeleka mzigo Bujumbura

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini plagi zake ni tofauti na za Kenya, Uganda na Tanzania. Huko hutumika zaidi plagi ya Kiingereza, yenye pini tatu bapa na fyuzi ndani. Bujumbura soketi ni za matundu mawili ya duara. Zile za Kifaransa zina pini ya ethi inayochomoza.

Anayenunua kamera zilizotumika Dubai au Dar es Salaam atapata chaja za plagi ya Kiingereza. Kuikata plagi hiyo ni kuondoa fyuzi, na waya zilizosokotwa kwa mkono huweza kupata moto. Kama waya wa chaja unachomoka, ni salama zaidi kununua mwingine wenye plagi inayofaa.

Adapta hubadili umbo la pini tu, haipunguzi volti. Umeme wa Burundi ni volti 220. Chaja iliyoandikwa 100-240V inafaa. Ya 120V pekee, kwa soko la Marekani, itaungua bila transfoma.

Kwa fundi, hatari iko ndani. Kapasita ya flashi huweza kubaki na volti zipatazo 300 hata betri ikitolewa. Imalizwe umeme kwa rezista, si bisibisi, kisha ipimwe kwa mita.

Mnunuzi asome lebo ya kila chaja kabla ya kulipa. Isiyofaa ihesabiwe kwenye bei, kwani mteja wa Bujumbura atairudisha.