Soko la mkulima, lakini lango ni la nani?

Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande juu ya gari aahidi soko jipya. Uzi mfupi jameni, maana mjadala huu ni mzee kuliko wengi wetu.

Mwaka wa 1935 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuuza mazao ya Waafrika. Biashara ikafungiwa kwenye masoko yaliyotengwa na wanunuzi wenye leseni. Eti ni kwa ajili ya ubora. Halafu 1942, wakati wa vita, mahindi yakawekwa chini ya udhibiti, na mkulima Mwafrika akawa analipwa chini ya setla.

Uhuru ulikuja 1963, lakini vibali vya kutoa mahindi wilaya moja hadi nyingine viliendelea mpaka mapema miaka ya 1990. Shosho yangu alikuwa akipanda matatu na gorogoro chache amezificha chini ya sukuma wiki, roho mkononi. Na ni mahindi amelima mwenyewe!

Katiba ya 2010 iliweka masoko chini ya kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kwa hivyo nikiahidiwa soko, mimi siulizi habari ya mabati. Nauliza: mama aliyetoka shambani saa kumi alfajiri ataingia auze mwenyewe, ama atakuta broka langoni? Ushuru wa mazao atalipa mara ngapi njiani? Na sisi wa mtaani tutanunua kwa bei gani?